Chipsi za Ilomba

"Dalali mwenyewe kasema Mbeya viazi vimejaa, wewe..."

"Baba, anakudanganya, hebu angalia..."

"...wewe na umbea wako wa mtandaoni! Kijiji kizima cha Igowole kinanisubiri mwenyekiti niamue bei ya viazi vyetu!"

Paskalina akamshikisha simu. Hakuiba siri ya mtu. Alikusanya tu picha ambazo wauza chipsi wa Ilomba, mlemle Mbeya mjini, wamezibandika wenyewe. Huyu anakaanga ndizi na bado anaziita chipsi. Yule kaandika, "Wateja wangu, viazi hakuna, tuvumiliane na mihogo." Mwingine kafunga kibanda kabisa.

Baba akazisogeza taratibu kwa kidole gumba kilichopasuka, udongo umejaa kwenye nyufa. Kisha akatoka mlangoni.

"Dalali! Ondoka na lori lako. Kwa bei hiyo hatuuzi!"

Paskalina akacheka, akanyoosha mkono achukue simu. Baba hakuiachia.

"Mwanangu," alisema, sauti imeshuka, "mama yako naye si yuko hukohuko Mbeya? Niangalizie anabandika nini. Nikienda kumwomba radhi, atanifungulia?"