Feni ya Tisini na Tisa

Mbithi aliingia chumbani kwa kunyata, akachomoa feni, akaanza kutoka nayo huku mkewe akiwa bado amefumba macho.

“Rudisha,” akasema Kamene, bila kuyafumbua.

“Kidogo tu, Kamene. Mashine iko na kazi ya kanisa.”

Joto la mtaa wa Umoja mwezi wa pili si la kusimuliwa. Nyumba yao ilikuwa imeongezewa chumba kwa mbele, mabati juu, na Kamene alikuwa na mimba ya miezi minane. Feni hiyo alikuwa amenunuliwa yeye. Lakini chumba cha mbele kilikuwa ofisi ya Mbithi ya kuchapa barua na kadi za harusi, na ofisini mlikuwa na kompyuta, na kompyuta hiyo ilikuwa na paji la uso.

Kwenye paji palikuwa na kidirisha chenye tarakimu nyekundu: 66. Ndiyo mbio zake. Kila mtu Umoja alijua hivyo. Shida ni kwamba Njogu, mwenye ofisi kama hiyo ng'ambo ya barabara, alikuwa na 75, na aliiandika hata kwenye kibao chake. Wateja wakavuka barabara bila haya. Hata Bwana Nzau, karani waliyetoka naye Kitui, alivuka akijifanya anatafuta sigara.

Ndipo jamaa mmoja wa mjini akamnong'oneza Mbithi siri ya mafundi: ndani ya kompyuta kuna vijipini vya kuhamisha. Ukivihamisha, inakimbia kuliko hata walioitengeneza walivyotaka. Hatari yake ni joto. Ikizidiwa, inaganda katikati ya kazi, na mwishowe inaungua ubongo.

Mbithi akafungua boksi kwa kisu cha mkate. Vijipini hakuvitafuta sana; alivikuta nyuma tu ya kidirisha. Akavihamisha kwa kibanio cha nyusi cha Kamene, akawasha, akafumba macho akiomba. Alipoyafumbua: 80. Na kompyuta haikuganda! Kesho yake akajaribu tena: 99. Angeenda hata mia, lakini kidirisha kilikuwa na nafasi ya tarakimu mbili tu.

Weh! Wateja wakarudi mbio. Nzau akachapiwa barua ya kuomba kazi, akatoka akiapa. “Hii kitu si mchezo. Barua imetoka kabla sijamaliza kuifikiria!” Njogu mwenyewe alikuja kutazama, akarudi kwake, akabandika kalenda juu ya 75 yake.

Sasa Mbithi akaanza kuilea. Gunia bichi dirishani, feni usoni kutwa nzima, na ole wako ukigusa waya. Kila baada ya muda aliipapasa ubavuni: baridi kama mtungi. Haikuganda hata siku moja.

“Hao mafundi wa mjini, zao zinaganda kwa nini?” aliwauliza wateja. “Hawana mkono. Mashine ni kubembelezwa.”

“Mbithi,” Kamene akamuuliza siku moja, akijipepea kwa kadi ya harusi ya watu, “mwenye mimba ni mimi ama ni hiyo kompyuta?”

“Wewe joto haliwezi kukuua, mama. Hii itaungua.”

Jamani, kuna maneno mwanamume hasemi. Kamene akafunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwa dada yake Mbinya, mtaa wa Mowlem. Mbithi akabaki na kitanda kizima peke yake, na moyo ukamuuma kweli. Lakini feni haikutoka ofisini.

Jumamosi Kamene akarudi, stima ikiwa imepotea mtaa mzima. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

“Feni ikirudi chumbani, nami narudi. Isiporudi, naibeba, na huyu mtoto atazaliwa Mowlem.”

Mbithi akatazama feni, akatazama tumbo. Mtoto wake wa kwanza azaliwe kwa shemeji? Hapo hapakuwa na mjadala. Lakini je, stima ikirudi ghafla, 99 ikose feni? Ingeungua yote, na kazi ya kanisa ndani.

“Chukua,” akasema. “Ila ningoje kidogo niokoe ubongo.”

Kamene akangoja. Mbithi akafungua boksi, akachomoa waya mmoja mmoja, akalegeza skurubu, akautoa ubongo mzima, ile sahani ya kijani yenye kila kitu, akaukumbatia kifuani. Kwa haraka zake hata hakukumbuka kuchomoa waya wa ukutani.

“Pole, rafiki yangu,” akaunong'oneza, machozi yakimlengalenga. “Umekimbia vya kutosha. Tutarudi sitini na sita.”

Stima ikarudi.

Boksi tupu likanguruma kidogo, na kidirisha kikawaka chekundu, kama kawaida yake: 99.

Kamene akakitazama. Akautazama ubongo kifuani mwa mumewe. Kisha akainua feni yake, akaelekea chumbani.

“Si hiyo hapo, bado inakimbia,” akasema. “Ifuate.”