Jina la Kubishia Hodi

Kompyuta ya Bungoma ilikata mawasiliano tena. Nyuma ya Chepkirui, pale Kitale, mnunuzi mmoja wa mahindi akaanza kutafuta kofia yake aende zake.

Mitambo ya soko, kompyuta zinazotumiana oda, hubisha hodi kwa jina lililoandikwa upande wa pili kabla ya kupokea oda yoyote, na herufi moja ikikosewa, mlango haufunguliwi. Chepkirui aliijua lugha hiyo kwa kuunda mtambo wake mwenyewe, akianguka na kuinuka.

Simu ilikuwa kwenye spika. "Huko umeniandika jina gani?" akamuuliza mwenzake wa Bungoma.

"Si jina lako, bana. Chepkilui."

Nyuma ya Chepkirui mtu akacheka puani.

Kumbe mwenzake aliliandika vile analitamka, kwa L. Kidole cha Chepkirui kilitua juu ya R, kikaacha alama ya jasho. Kumwambia arekebishe kulikuwa neno moja tu, na wote wangelisikia.

Akaifuta R kwake, akaweka L, akabonyeza.

KARIBU, CHEPKILUI.

"Imeingia," mwenzake akasema taratibu. "Shida ilikuwa wapi?"

"Huku kwangu," akajibu. "Nilikosea jina langu."