Maksai Waliovuka Mpaka

"Mheshimiwa, wanyama hawa wamelala Zambia siku tisa," alisema wakili Ikram, akageuza kompyuta yake kumwelekea hakimu. "Na sheria imeshasema. Naomba niisome."

Osea akakaa wima. Maksai wake wawili walikuwa wamefungwa nje ya mahakama, hapo hapo Tunduma. Waliibwa kijijini kwake Msangano, wakaja kuonekana mnadani mikononi mwa Gibson, mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya pili Zambia, chapa ya Osea ingali pajani mwao. Sasa hapo kuna kesi gani? Hata kipofu angeiamua kwa kupapasa.

Ndiyo maana hakuweka wakili. "Mimi nashinda kwenye kompyuta Mbeya, nitashindwa kujieleza kwa hakimu?" alimwambia mkewe. Ruti hakucheka. Mvua zilishanyesha, majirani wanapanda, shamba lao halijaguswa na plau. "Rudi na maksai, baba Samwel," alisema. "La sivyo mwaka huu tutatafuna hizo kompyuta zako."

Ikram akasoma kutoka kwenye mfumo mpya wa kielektroniki, ule unaokusanya hukumu za nchi jirani: "Mnyama akilala siku saba ng'ambo ya mpaka, ni mali ya aliyemlisha. Jaji Yonathani."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akacheka kwa sauti, akatolewa nje.

"Hata mimi imenishangaza," alisema hakimu Felista, akivaa miwani. "Lakini imo mfumoni. Tena naona imeshafuatwa na mahakama kumi na moja, Zambia mpaka Malawi. Mimi ni nani nibishane na mahakama kumi na moja?"

Osea alisimama. Alifikiria shamba. Alifikiria kazi yake. Aliogopa, jamani, aliogopa kweli.

"Mlalamikaji," hakimu akamwambia kwa upole, maana alimwonea huruma, "una lolote juu ya hukumu hii? Nioneshe kasoro moja tu, uondoke na maksai wako sasa hivi."

Ukumbi mzima ulimgeukia. Hata Gibson aliacha kutabasamu.

"Sina, mheshimiwa," alisema Osea.

"Basi mahakama inaifuata."

Gibson akatoka kwenda kufungua kamba. Osea akabaki kwenye benchi analia, mtu mzima na ndevu zake, na Ikram akampa kitambaa, akamwambia asijilaumu, sheria ni pana, hakuna anayeijua yote.

Mahakama kumi na moja, Mungu wangu! Na siku ile kampuni yao ya Mbeya inaujaribu mfumo huu, bosi alimwambia waziwazi: Osea, tunga hukumu moja ya uongo tuone kama inafunguka, halafu uifute kabla hujaenda kula.