Mnyororo Kwenye Mtaa Wetu

Mambo yaliharibika Jumamosi ya kwanza ya msimu wa wageni, siku wakubwa wa manispaa walipoufunga mtaa wetu kwa mnyororo ili watalii watembee kwa raha.

Mke wangu alikuwa amebanwa na kifua. Teksi ilisimama nje ya mnyororo, na mlinzi hakutaka hata kuugusa.

"Fungua, kijana, dada yangu anakufa!" alifoka shemeji.

"Ufunguo anao bosi, mzee wangu. Na bosi yuko hotelini na wageni."

Basi tukambeba mgonjwa kwenye kiti cha plastiki, shemeji mbele, mimi nyuma. Mgongo wa kiti ulikuwa na ufa, na kila hatua ulinifinya kiganja.

"Siku ya harusi ulinitembeza kwa miguu," mke wangu alininong'oneza. "Leo ndiyo umekumbuka kunibeba?"

"Nyamaza, mama, usijichoshe."

Watu walijaa mpaka ukutani. Tulipiga kelele watupishe. Asubuhi hiyo wale wakubwa walikuwa wamewaletea watalii waigizaji wa barabarani, kwa hiyo watalii wakadhani na sisi ni mchezo. Kwa manispaa sisi ni mapambo tu, wageni wangejuaje? Wakatabasamu, wakainua simu, wakaanza kupiga makofi.

Teksi tulikuwa tunaiona, mlango wake wazi. Mke wangu alifumbua macho kwa mara ya mwisho, akanishika mkono.

"Baba, hawa wanatupigia makofi ya nini?"