Vifaa Sita Kabla ya Saa Nane

"Jibu basi, mkaidi wewe!"

Mzee Pampu alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akikigombeza kipima joto.

Kipima joto hakikujibu. Wala kipima shinikizo kilichokaa jirani yake, wala mota, wala vile vingine vitatu. Taa zote sita zilikuwa nyekundu, zinamkodolea macho kama wakwe waliofika kabla chakula hakijaiva.

Ilikuwa saa sita na nusu. Saa nane kamili angefika mkaguzi, na barua ilishasema bila kumung'unya maneno: mzee aonyeshe mbele ya mkaguzi kwamba anayaelewa mawasiliano ya mitambo, ama afungashe virago. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mkewe alikuwa kitandani mwezi wa nne sasa, na dawa zake zilitoka kwa kadi ya kazini. Kazi ikienda, kadi inaenda nayo.

Hakuwa mjinga, asionewe. Pampu mbovu aliijua kwa kuisikiliza tu, tena akiwa mlangoni, ndiko lilikotoka jina lake. Ila hii habari ya mitambo kusemezana yenyewe kwa yenyewe kwenye waya ilikuja yeye ameshaota mvi. Kila mwaka wiki yake ilipofika, mgongo ulimshika. Mwaka huu mgongo haukusikilizwa na mtu.

Mlango ukagongwa. Akaingia binti mwenye ovaroli la kiwanda cha sabuni, mafuta hadi kwenye nyusi, ndiyo kwanza ametoka zamu.

"Shikamoo, mzee. Nimewahi?"

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango. Kwa ufunguo."

Binti akainama, akatazama chini ya meza, akajiziba mdomo.

"Mbona umeunganisha kama nyumba ya kupangisha? Kila chumba na waya wake kutoka kwenye sanduku!"

"Si ndivyo umeme unavyogawanywa?"

"Umeme, ndiyo. Hapa hugawi umeme, unapeleka maneno. Neno likifika mwisho wa tawi linarudi, linagongana na jingine njiani. Ng'oa yote."

"Yote?"

"Yote, mzee wangu. Na usinitolee macho, mimi sikukutuma."

Aking'oa, bisibisi ilimponyoka mara mbili. Binti akamfanya apitishe waya mmoja, wenye nyuzi mbili zilizosokotana, kutoka kwenye kompyuta ya mezani, kisha kifaa hadi kifaa bila tawi hata moja, kama mtu anayetunga shanga. Kwenye ncha zote mbili wakafunga rezista ndogo, ili neno likifika mwisho life hapo hapo.

"Haya, nieleze. Nani anaongea kwanza?"

"Kompyuta."

"Na kipima joto kikiwa na jambo la haraka?"

"Kina... kinapiga kelele?"

"Kinanyamaza! Kinangoja kiitwe kwa namba yake, ndipo kiseme. Waya ni mmoja. Kila mmoja akijisemea, hicho kitakuwa kikao cha mawifi."

Mzee Pampu alitaka kucheka, ikatoka kwikwi.

Saa saba na robo wakawasha. Kijani. Kijani. Kijani. Kijani. Mbili za mwisho, nyekundu vilevile.

Mzee akakaa sakafuni kama gunia lililotuliwa. "Basi tena. Mwambie mkaguzi nimekufa."

"Akiomba kuonyeshwa kaburi, nimpeleke wapi? Simama. Nimeita namba tano, kumetokea nini?"

"Kelele."

"Kelele ya mmoja?"

Jasho lilimdondoka mzee puani likatua kwenye waya. Akavipindua vile vifaa viwili, akavisogeza karibu na miwani, akatazama vitufe vya nyuma vya kupangia namba, kimoja kisha cha pili, kisha tena cha kwanza.

"Vyote ni namba tano," akasema taratibu. "Ukiiita, vinaitika pamoja."

"Eeh! Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

Akakigeuza kimoja kuwa namba sita. Taa zote zikawa kijani. Mzee Pampu akageukia ukutani, akajifuta uso kwa tai.

"Usilie, bado hatujamaliza. Ukiulizwa kwa nini hukufunga rezista katikati, utasema nini?"

"Nitaulizwa hilo?"

"Wabishi hawakosekani."

"Naogopa, mwanangu. Nakuambia kweli, naogopa."

"Na mimi naogopa. Ukiondolewa wewe, unajua tutaletewa nani? Haya, tena."

Wakarudia mara tatu. Saa nane kasoro dakika tano binti akachungulia koridoni kulia, akachungulia kushoto, akatoka mbio bila kuaga.

Saa nane kamili Mzee Pampu akausukuma mlango wa chumba cha mbele, vifaa vyake juu ya kitoroli. Mkaguzi alikuwa ameshakaa nyuma kabisa, kalamu mkononi. Mbele ya mkaguzi, vijana thelathini na mmoja wakasimama kwa pamoja.

"Shikamoo, mwalimu!"

Mwalimu akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Mkaguzi akaandika mstari mmoja, akaupigia mstari.

Ndipo kwenye dawati la mbele ukanyooshwa mkono uliojaa mafuta.

"Samahani, mwalimu," akasema yule binti, uso mkavu kama wa hakimu. "Mimi mada hii sijawahi kuielewa hata chembe. Unaweza kunieleza polepole, kama unayemfundisha mjinga?"