Salamu za Kamakura

Mgeni wa Kamakura, mji wa Japani, huruhusiwa maneno thelathini, mara moja tu maishani. Bangili unayovishwa langoni huyahesabu; yakiisha, ukitamka tena unafukuzwa mjini. Tulikwenda kulitaja jina la marehemu binti yetu, Tunu, mbele ya sanamu za kuwaombea watoto waliofariki, hekaluni.

Kwenye njia ya mlimani tukakutana na mzee kutoka Tanga. Basi mume wangu, Sefu, akaanza: shikamoo, habari za safari, za nyumbani, wajukuu hawajambo? Nikamkanyaga mguu. Wapi! Akayamaliza yote. Mzee akanigeukia mimi, nami ningeachaje kumwamkia?

Hekaluni Sefu akanionyesha bangili yake, sifuri, kisha akanyoosha mkono kwenye sanamu: niseme mimi. Na anatabasamu! Mimi lilinibakia neno moja.

“Pumbavu!” nikamfokea.

Bangili yangu ikasoma sifuri, na Tunu hajatajwa.