Ukuta wa Foronya

Mifuko ya unga ilipokwisha, mwokaji mikate alianza kujaza mchanga kwenye foronya za kitandani mwake.

Kiangazi kile mvua iligoma kuondoka. Ilinyesha wiki baada ya wiki, mpaka watu wakaacha kuulizana habari za hali ya hewa, maana jibu lilikuwa likiwachuruzika shingoni. Mto uliozoea kupita mbali chini ya barabara sasa ulikuwa unachungulia watu madirishani. Nyuma ya ukuta wa mifuko kulikuwa na tanuri alilorithi kwa baba yake. Maji yakiliingia mara moja tu, matofali yangepasuka, naye angebaki kuoka maneno.

Mkewe alikuwa amemsihi tangu juzi waondoke wote. Alfajiri ile akakubali nusu.

"Nenda na watoto shuleni, kule kilimani," alimwambia. "Au popote utakapo, ila kwa mama yako ng'ambo ya mto, hapana. Siendi kukupigia magoti kule."

Yeye na mama mkwe wake walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mkewe alikusanya nguo za watoto. Alimfunga mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akatoka.

Mchana ukuta ulianza kuvuja. Wanaume walikuwa hoi, wakipanga mifuko kwa mazoea tu. Kila safu waliyoongeza, mto nao uliongeza yake. Fundi mwashi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamvuta kando.

"Tunajidanganya, ndugu yangu. Huu ukuta hauioni jioni."

"Najua."

"Tuta la ng'ambo ni udongo mtupu. Ukilichokonoa kidogo, mto wenyewe unamaliza kazi. Maji yanakwenda kule, huku yanashuka. Mashua ninayo. Sepetu yangu ndiyo imesombwa."

Mwokaji alitazama mtoni. Ng'ambo haikuonekana, mvua ilikuwa imeimeza yote.

"Na watu wa kule?"

"Si walihamishwa jana? Malori yalikuja." Fundi alikuwa akitazama viatu vyake. "Ndivyo nilivyosikia."

Mwokaji alitaka sana kuamini, akaamini. Mama mkwe mwenyewe, alijiambia, anaogopa maji kuliko paka. Atakuwa ndiye aliyepanda lori la kwanza. Akaingia ndani, akachukua sepetu ya kuzolea majivu, akampa fundi. Hawakutazamana.

Alirudi kwenye mifuko. Hakuomba dua yoyote, maana hakujua aombe nini.

Haikupita muda mrefu, mtu akapiga ukelele. Maji yalikuwa yameshuka chini ya safu ya juu, kisha ya pili. Watu wazima na ndevu zao wakakumbatiana kwenye matope, wakilia. Mwokaji akaingia ndani na kuligusa tanuri lake. Lilikuwa kavu. Alitoka nje, akashika njia ya kilimani kuwafuata mkewe na watoto. Simu zilikuwa zimekufa tangu juzi, ingekuwa vinginevyo angepiga.

Shule ilijaa magodoro na vikohozi. Mwalimu mkuu alimlaki mlangoni.

"Ni kweli yameshuka?"

"Yameshuka, mwalimu. Wangu wako darasa gani?"

Mwalimu alicheka kidogo, kama mtu aliyekabidhiwa siri ndogo ya mke na mume.

"Usije ukamgombeza, tafadhali. Alipita hapa asubuhi, akasikia lori halikufika kwa mama yake, na mama hawezi hata kuinuka kitandani. Akavuka daraja la huku juu na watoto wake. Alituomba tusikwambie mpaka maji yashuke."